Uwezo wa Kuhiji na Afya ya Hujaji

Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu, na Kurani, katika Sura Aal Imran, imeifunga kwa sharti la uwezo. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria nauli. Wanazuoni wa fikihi, hata hivyo, wamehesabu ndani yake siha ya mwili na usalama wa njia. Kwa hiyo mzee aliyeweka akiba miaka mingi, kisha akaficha maradhi yake ya moyo kwa kuhofia kuzuiwa safari, ameficha jambo ambalo dini yenyewe imetaka lijulikane. Na mhudumu anayejaza fomu ya afya bila kumpima mtu hamfadhili, bali anamhatarisha.

Ibada hii ni kazi ya mwili. Kuanzia tarehe 8 hadi 12 au 13 Dhulhija, hujaji hukaa Mina, husimama Arafa, hulala Muzdalifa mahali pa wazi, kisha hurejea Mina kutupa vijiwe. Makka huizunguka Kaaba mara 7, tena huenda baina ya Safa na Marwa mara 7, mwendo unaozidi kilomita 3. Mwaka 2024 hija iliangukia Juni. Joto lilipita nyuzi 50 za Selisiasi, na Saudi Arabia ikatangaza vifo zaidi ya 1,300, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila kibali na kutembea juani pasipo hifadhi.

Mgonjwa wa kisukari anastahili uangalizi wa pekee, hasa miguu yake. Mwenye ganzi ya nyayo anaweza kuungua kwenye sakafu iliyochomwa na jua asihisi kitu, akaja kuona lengelenge usiku. Akague nyayo kila siku, na viatu avizoee kabla ya safari. Insulini isiachwe juani wala kwenye mzigo wa chini ya ndege; isafiri mkononi pamoja na cheti cha daktari. Kuchoma sindano hakubatilishi ihramu. Mwanamume ambaye maradhi yanamlazimu kufunika miguu anaruhusiwa kufanya hivyo akatoa fidia. Asili ya ruhusa hii ni kisa cha Kaab bin Ujra, sahaba aliyesumbuliwa na chawa akiwa katika ihramu, akaruhusiwa kunyoa na kutoa fidia: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja.

Nafuu nyingine zipo, nazo si za kuonea haya. Ummu Salama, mke wa Mtume, alipougua alitufu akiwa amepanda mnyama. Leo kuna viti vya magurudumu. Asiyeweza kutupa vijiwe humwakilisha mwingine. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona huhijiwa, maadamu anayemhijia amekwisha kujihijia mwenyewe.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo hutakiwa ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Uchunguzi wa moyo, figo, sukari na shinikizo la damu haufai kungoja hadi hapo; ufanywe miezi kadhaa kabla, dozi zipate kurekebishwa. Hujaji akipata homa na kikohozi ndani ya siku 14 tangu arejee, afike kituoni upesi na aseme ametoka wapi.