Jina la Dawa si Jina la Maradhi: Istilahi ya 'Dawa ya Presha' Kitale na Bungoma

Katika zahanati na hospitali za Kitale na Bungoma, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti na daktari aliyetoka kwingineko. Ni mzigo mzito kwa istilahi chache za kila siku, na 'dawa ya presha' ni mojawapo ya zilizoelemewa.

Muundo wake ni ule wa 'dawa ya minyoo': dawa hupewa jina la ugonjwa. Unafaa madhali dawa ina kazi moja. Ichukuliwe propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu iliyobuniwa miaka ya 1960. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kwamba watoto wachanga waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo walififia alama nyekundu za ngozini, zitokanazo na vishipa vya damu vilivyokua kupita kiasi. Leo ndiyo dawa inayotangulizwa kwa alama hizo zinapokuwa kubwa. Mama akiambiwa kuwa mwanawe wa miezi mitatu atanywa 'dawa ya presha', ana haki ya kushtuka, na huenda chupa ikabaki dirishani.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Jirani akisikia kwamba 'dawa ya presha' imeponya ngozi, ataomba vidonge kwa mwenye presha ili atibu ngozi yake iliyovimba kwa mzio. Akipata enalaprili, yenyewe yaweza kumvimbisha midomo na ulimi, madhara yanayowapata zaidi watu wa asili ya Kiafrika. Akipata propranololi naye ana pumu, pumzi yaweza kubana. Tena adrenalini, inayomwokoa aliyezidiwa na mzio, hupungua nguvu mwilini mwake.

Neno 'mshipa' nalo halisaidii. Hutaja njia ya damu, neva, na kwa wengine hata ngiri. Aidha, 'uvimbe' wengi huusikia kama saratani. Afadhali kusema 'vishipa vya damu vya ngozini vimewaka kwa mzio'. Hilo 'mzio', ambalo asili yake ni kitu ambacho mtu ana mwiko nacho, linaeleza kuliko 'aleji'.

Inapendekezwa dawa itajwe kwa jina lake, kisha kazi yake, kisha sababu ya mgonjwa huyo: 'Hii ni propranololi. Hupunguza mapigo ya moyo na kusinyaza vishipa vya damu. Mtoto anapewa kwa ajili ya alama ya shavuni, si presha. Asipewe mtu mwingine.' Maneno hayo yanaenea kwenye bahasha ya dawa.