Kaunta ya Mbao Jikoni
Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Kabla hatujaingia ukumbini nina swali dogo. Kile kibao cha kusukumia chapati huko kwenu ki hali gani? Kama kimepinda hata kinachezacheza juu ya meza, au kina ufa katikati, basi nusu ya somo hili tayari unalo. Kuna mtu alikiloweka karaini usiku kucha, asubuhi akakiegemeza karibu na jiko. Kibao kikafanya yale ambayo mbao zote hufanya.

Siku hizi jikoni nyingi zinajengwa na kaunta, na wapo wanaotaka iwe ya mbao halisi, si plaiwudi wala mawe. Inapendeza kwelikweli. Lakini mbao ngumu ni ghali, na kaunta iliyopasuka haina spea. Ndiyo maana ni heri tuijue tabia ya mbao kwanza, randa na msumeno baadaye.

Mti ukiwa hai umejaa maji. Ukikatwa, maji yaliyo katika nafasi za ndani hutoka kwanza, na ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, hapo nyuzi zenyewe huanza kukauka na ubao husinyaa. Na wala haukomi! Miaka nenda miaka rudi, ubao huvuta unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuuachilia wakati wa kiangazi. Sasa shika hili: kwa urefu wa nyuzi ubao karibu hausogei kabisa, bali kwa upana husogea. Kaunta yenye upana wa sentimita 60 yaweza kutanuka au kunywea milimita nne au tano. Ni kidogo, utasema. Lakini ukiizuia isisogee, lazima kitu kitoe, ama gundi ama ubao wenyewe.

Mbao gani zafaa? Mvule, msaji, mninga na mbambakofi zote ni ngumu na hazioezi upesi. Mvule ndio ninaoupendelea mimi, ijapokuwa mafundi huulalamikia. Ndani yake mara nyingine mna vijiwe vya chokaa vinavyofanya msumeno kuwa butu, na vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hivyo funga kitambaa kizito usoni. Msonobari ni rahisi, ila ni laini. Sufuria ikianguka huacha shimo.

Jambo kubwa ni ukavu. Mbao za kutumia ndani ya nyumba zinatakiwa ziwe na unyevu wa asilimia 12 au chini kidogo. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Muuzaji akikuambia "hizi zimekauka kitambo," usibishane naye. Kata kipande, kipime kwa mizani, ukipime tena kila baada ya siku tatu. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado ni mbichi. (Wale wa Fizikia, jaribio hilo hapo!) Kisha ziache mbao ndani ya nyumba yenyewe wiki mbili hivi kabla ya kuzifunga.

Fundi mzuri haweki ubao mmoja mpana. Huunganisha vipande vyembamba kwa gundi isiyoogopa maji, akavibana mpaka vikauke, ndipo akapiga randa na msasa. Makabati ya chini lazima yalale sawa, kwa hivyo pimamaji litumike. Ukutani aache nafasi ya milimita tano, ambayo vigae vitaificha. Hapa ndipo wengi hukosea, jamani: wanapiga misumari kutoka juu, au wanaimwagia gundi chini yote. Kaunta hufungwa kwa skrubu kutoka chini. Matundu ya mbele yawe ya kubana, yale ya nyuma yachongwe yawe marefu kuelekea ukutani, ili ubao uteleze unapotanuka.

Kabla ya kufunga, paka mafuta pande zote, hata chini kusikoonekana. Upande mmoja ukinywa unyevu kuliko mwingine, kaunta itakunjamana kama kile kibao cha chapati. Ukingo wa shimo la sinki upakwe mara nyingi zaidi, kwani nyuzi zilizokatwa kichwani hunywa maji kama mirija. Baadaye mzunguko wa sinki uzibwe kwa silikoni.

Mafuta gani? Si ya kupikia, maana hayo hayakauki, hunata na kuvunda. Yapo mafuta meupe ya parafini yasiyo na harufu, yanayouzwa katika duka la dawa. Tafadhali usiyachanganye na mafuta ya taa, ambayo watu wengine pia huyaita parafini! Sehemu nne za mafuta hayo na moja ya nta ya nyuki, zikiyeyushwa pamoja juu ya maji moto, hufanya kipako kizuri. Mafuta ya kitani nayo hukauka yakawa magumu, lakini chukua yale yasiyotiwa kemikali za kuharakisha ukaukaji.

Utunzaji ni kazi ya kila siku. Futa maji mara moja. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kibao. Chuma chenye maji kisilale hapo, kwani huacha doa jeusi. Mwaka wa 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba mbao si adui wa usafi kama ilivyodhaniwa. Hata hivyo nyama ikatiwe kwenye kibao chake, nacho kioshwe kwa sabuni. Ukitaka kujua kama mafuta yamekwisha, dondosha maji. Yakisimama kama lulu, bado. Yakizama, paka tena.

Neno moja la hatari. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni. Yakikauka mafuta hayo hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitie ndani ya mkebe wenye maji.