Dondoo Muhimu: Ukienda Dukani kwa Mangi, Mgololo

Mgololo, wilayani Mufindi, inategemea sana kiwanda cha karatasi, kwa hiyo mishahara ikitoka maduka hufurika. Ukiweza, wahi asubuhi.

Mizani kwanza. Kabla sukari haijamiminwa, hakikisha sahani ni tupu na mshale umekaa kwenye sifuri. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Iulizie bila aibu. Mafuta ya kula ya kupima ndiyo yanayopunjwa kirahisi zaidi. Kopo lililobonyezwa kitako ni wizi, hata Mangi awe mcheshi namna gani.

Unakopa? Nawe andika kwenye daftari lako: tarehe, bidhaa na bei ya siku hiyo. Linganisheni madaftari na Mangi kila wiki, msisubiri mwisho wa mwezi.

Beba kikapu, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwa baridi na ukungu wa Mufindi, unga hushika unyevu upesi. Unuse palepale, na ukiwa na uvundo urudishe kabla hujatoka dukani.