Kufundisha Ufinyanzi: Kufinya Donge na Kupandisha Kamba

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Aghalabu walimu huitumia methali hii kuhimiza malezi ya mapema, wakasahau kazi ya mfinyanzi inayotajwa humo. Katika makala haya tunakusudia kueleza mbinu mbili za msingi za kuumba chombo, na kwa nini mkono wa mwalimu usiingie katika chungu cha mwanafunzi.

Maandalizi

Udongo wa mfinyanzi uondolewe mawe na mizizi, ulowekwe, kisha ukandwe hadi viputo vya hewa viishe. Ili kuupima, fanya kamba nene kama penseli na uizungushe kidoleni. Ikipasuka, udongo ni mkavu mno au una mchanga mwingi. Ikinata, maji yamezidi. Kila mwanafunzi apewe donge linaloenea kiganjani.

Mbinu ya kwanza: kufinya

Mwanafunzi hulitoboa donge katikati kwa kidole gumba bila kufika chini kabisa. Kisha huufinya ukuta kati ya gumba na vidole, akianzia chini kwenda juu, huku akilizungusha donge kidogo kidogo. Kuzungusha ndiko msingi wa kazi. Afinyaye mahali pamoja hupata upande mwembamba na upande mnene. Mdomo wa chombo ushughulikiwe mwisho, kwani ukitanuliwa mapema hupasuka.

Mbinu ya pili: kupandisha kamba

Hutengenezwa kitako bapa, kisha kamba za udongo zenye unene sawa huzungushwa juu yake. Kila kiungo kikwaruzwe, kipakwe uji wa udongo, na kamba isuguliwe hadi ishikamane na ile ya chini. Baada ya kamba tatu au nne, chombo kiachwe kigangamae kidogo, kwa maana ukuta laini haubebi uzito. Hivyo udongo una wakati wa kuwahiwa na wakati wa kungojewa.

Mwalimu afanye nini?

Ukuta unapolegea, mwalimu hushawishika kukitwaa chombo na kukinyosha. Chungu hupona, lakini mwanafunzi hajajifunza lolote, na huamini kwamba mikono yake haifai. Yafaa tumwulize: "Maji yalikuwa kiasi gani? Ulizungusha?" Kisha tuonyeshe kwa donge letu wenyewe. Mwalimu aliye jirani na wafinyanzi, kama Wakisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, na awaalike darasani.

Kukausha na kuchoma

Vyombo vikauke kivulini polepole, wiki moja au zaidi. Chombo kikiwa baridi kinapoguswa na shavu, bado kina unyevu. Kikitiwa motoni katika hali hiyo, maji hugeuka mvuke, nacho hupasuka na kuvunja vya wenzake. Moto uanze mdogo, uongezwe taratibu, nao wanafunzi wakae mbali. Chombo kisichofikia joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi huweza kurudi kuwa matope kikitiwa maji.

Tathmini

Tusipime uzuri peke yake. Mwalimu akate katikati, kwa uzi, chungu alichokiumba mwenyewe kingali kibichi, ili darasa zima lichunguze unene wa ukuta na uimara wa viungo. Mwanafunzi awezaye kueleza palipokosewa na sababu yake ameufahamu ufinyanzi, hata kama chungu chake kimeinama.