Minyoo, Joto na Maji: Kutoka Aktiki hadi Bonde la Kilombero

Mwanafunzi wa Ifakara anaposikia habari za minyoo ya mapafu katika nchi za barafu, ana haki ya kuuliza: hayo yananihusu nini? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Tutaanza mbali, kwa sababu huko kanuni inaonekana waziwazi. Kisha tutarudi nyumbani kuona jinsi inavyofanya kazi hapa.

1. Mnyoo wa Aktiki na hesabu ya joto

Kaskazini mwa Kanada anaishi mnyama wa kwato mwenye manyoya marefu aitwaye maskoksi. Wainuiti humwita umingmak. Mwaka 1988 wataalamu waligundua katika mapafu yake mnyoo ambaye baadaye alipewa jina la Umingmakstrongylus pallikuukensis. Minyoo hii hukaa ndani ya vifuko katika mapafu. Lava wake hukoholewa, humezwa, kisha hutoka pamoja na mavi. Hawawezi kumwambukiza maskoksi mwingine papo hapo. Ni lazima kwanza waingie katika mwili wa koa na kukua humo. Maskoksi huambukizwa anapomla koa pamoja na majani, au anapokula lava waliokwisha kumtoka koa huyo. Koa ndiye tunayemwita mwenyeji wa kati.

Koa hana joto lake mwenyewe. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Majaribio yameonyesha kwamba chini ya nyuzi 8.5 za Sentigredi lava hawa hawakui. Juu ya kizingiti hicho, kila siku huongeza fungu lake, hadi jumla ifikie nyuzi-siku 167. Tutazame mifano miwili:

(a) Joto likiwa nyuzi 10.5, ziada kwa siku ni 2. Basi 167 ÷ 2 ni siku 84 hivi.
(b) Joto likiwa nyuzi 13.5, ziada ni 5. Basi 167 ÷ 5 ni siku 33 hivi.

Tofauti ya nyuzi 3 tu imepunguza muda kwa zaidi ya nusu. Kiangazi cha Aktiki ni kifupi. Zamani, mara nyingi, lava walikatizwa na baridi, wakasubiri hadi kiangazi cha pili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kutokana na kuongezeka kwa joto, mzunguko uliokuwa ukichukua miaka miwili sasa huweza kukamilika katika mwaka mmoja.

2. Kilombero: joto lipo, maji ndiyo saa

Ifakara iko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na hata mwezi wa Julai wastani wa joto hauteremki chini ya nyuzi 20. Je, tuseme basi kwamba vimelea vyetu havijali hali ya hewa? La hasha. Penye joto la kutosha mwaka mzima, tutafute kitu kingine kilicho haba. Katika bonde letu kitu hicho ni maji.

Mito ishukayo kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Njombe na Mahenge huumwagia uwanda wa Kilombero maji mengi wakati wa masika. Kufikia Septemba na Oktoba sehemu kubwa hukauka, yakabaki madimbwi, vijito na mto wenyewe. Mnyoo wa kuchunguza hapa ni mnyoo bapa wa ini, Fasciola gigantica, ambaye ana umbo la jani na urefu wa milimita 25 hadi 75. Huwapata ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama pori kama nyati. Katika nyanda za Kafue nchini Zambia amepatikana katika lechwe, swala wa majini aliye ndugu wa karibu wa sheshe wetu.

Mzunguko wake ni huu. Mayai hutoka na mavi. Yakifika majini, penye joto la nyuzi 26 hivi, huanguliwa kwa muda wa wiki mbili. Lava huogelea kumtafuta konokono wa maji aitwaye Radix natalensis. Ndani yake huzaana, hata lava mmoja akatoa mamia. Hao hutoka, hujishika kwenye majani yaliyo majini na kujifungia katika vifuko vidogo. Mnyama alapo majani hayo, minyoo michanga hutoboa ini lake, na baada ya miezi mitatu hivi huanza kutaga.

Kifuko hicho huweza kuishi kwa miezi mahali penye unyevu, lakini jua kali na ukavu hukiua. Kwa hiyo hatari kubwa haiko pale mafuriko yanapokuwa mapana kabisa. Iko pale maji yanaporudi nyuma, yakiacha majani mabichi yenye vifuko, na wanyama wote wakayafuata.

3. Hali ya hewa ikibadilika

Sasa tutumie kanuni yetu. Mvua zikizidi na maji yakikawia kukauka, konokono hupata muda mrefu wa kuzaana. Bonde la Rufiji, ambalo Kilombero ni sehemu yake, limepata mafuriko makubwa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena mwaka 2024. Kinyume chake, ukame mkali huua konokono wengi na vifuko vingi. Lakini ukame huohuo huwasonganisha wanyama kwenye madimbwi machache, wakala na kunya mahali pamoja. Na maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi, konokono pia hufa. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa kama hali ya hewa inayobadilika itaongeza minyoo Kilombero, asijibu upesi ndiyo au siyo. Aulize kwanza: maji yatakaa wapi, kwa muda gani, na nani atakula kandokando yake?

Binadamu naye hubadilisha majibu hayo. Majaruba ya mpunga na mifereji huweka maji mahali palipokuwa pakikauka, na ng'ombe hulishwa mabua baada ya mavuno. Mifugo mingi iliingia bondeni katika miongo ya karibuni, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuiondoa.

Sheshe wamo katikati ya mambo haya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba bonde lilikuwa na sheshe zaidi ya 50,000, takriban robo tatu ya sheshe wote wa dunia. Tangu hapo wamepungua sana. Tusimsingizie mnyoo: mashamba, mifugo na ujangili ndivyo vilivyowapunguzia nafasi. Lakini mnyama aliyebanwa katika ukanda mwembamba wa majani mabichi, pamoja na ng'ombe, hana pa kukimbilia vifuko. Ng'ombe aweza kupewa dawa kwa ushauri wa daktari wa mifugo na kunyweshwa maji ya kisima kwenye birika. Sheshe hana tiba ila nafasi.

4. Kazi ya darasa

Ifakara ina desturi ya zamani ya uchunguzi wa namna hii: maabara iliyoanzishwa hapo mwaka 1957 ndiyo iliyokua kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Shule nazo zaweza kushiriki kwa vifaa vichache.

(a) Chagueni mfereji mmoja. Kila wiki pimeni kina na joto la maji saa ileile, na kuhesabu konokono kwa chujio lenye mpini mrefu, kwa dakika 10.
(b) Shikeni gamba, ncha ikitazama juu na mdomo ukiwaelekea. Mdomo ukiwa kulia, huenda ni Radix. Ukiwa kushoto, huenda ni Bulinus, jamii yenye konokono wanaoeneza kichocho.
(c) Chorani grafu ya konokono na ya kina cha maji kwa mwaka mzima. Je, vilele viwili vinakutana, au kimoja kinatangulia?
(d) Kokotoeni: lava wa Aktiki watahitaji siku ngapi joto likiwa nyuzi 12.5?

Tahadhari: asiingie mtu majini. Vaeni buti na glavu za mpira, epukeni mahali penye mamba, na nawieni kwa sabuni.