Utando Angavu Upitishao Umeme: Tatizo la Kiistilahi

Makala haya yanachunguza istilahi zifaazo kwa tabaka jembamba, aghalabu lisilofikia mikroni moja, lipakwalo juu ya kioo ili lipitishe umeme bila kuzuia nuru. Kioo cha simu ya kugusa kinalo. Maada yake mashuhuri ni oksidi ya indi iliyochanganywa na kiasi kidogo cha bati.

Hapo ndipo utata unapoanza. Mkaazi wa Kitendaguro, katika Manispaa ya Bukoba, akisikia *bati* huwaza paa, ilhali mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki. Metali yenyewe huchimbwa mkoani humo humo, huko Kyerwa, nako huitwa pia *tini*. Kwa maoni yetu, *oksidi ya tini* haimpotoshi msomaji.

*Utando* nao unaishinda *filamu*, ambayo imekwisha kutwaliwa na sinema. Tena kila aliyepoza uji anaujua utando.

Mgogoro mkubwa umo katika *angavu*. Neno hili hudokeza kitu kipitishacho nuru yote, na pengine king'aacho. Utando tunaouzungumzia hauko hivyo. Elektroni zake huru haziwezi kufuata mtikisiko wa haraka wa nuru ionekanayo, kwa hiyo nuru hiyo hupita. Mtikisiko wa polepole wa mionzi infraredi huufuata, na mionzi hiyo ikarudishwa kama kwenye metali. Utando mmoja, basi, ni dirisha kwa jicho na kioo cha kujitazamia kwa joto. Kusema *angavu* bila kutaja ni kwa mionzi ipi ni kusema nusu.

Oksidi ya vanadi, ile yenye oksijeni mbili kwa kila vanadi, inatatiza zaidi. Chini ya nyuzi 68 hivi za Selsiasi hupitisha infraredi. Juu yake hugeuka kuwa na tabia ya metali na kuizuia. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kuwa kutia magnesi hushusha kiwango hicho cha joto na kuongeza nuru ionekanayo ipitayo. Kwa dirisha la nyumba, nyuzi 68 ni nyingi mno.

Kivumishi hakiwezi kubeba tabia ya namna hii. Tunapendekeza kitenzi rejeshi: *utando upitishao nuru ionekanayo*, na kwa vanadi, *utando uzuiao infraredi upatapo joto*. Ni istilahi ndefu, lakini mwanafunzi wa fizikia ataielewa kabla hajafunuliwa kamusi.