Kumeza Kidonge ni Sehemu ya Tiba



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, nimeombwa niandike somo la afya katika toleo hili. Mimi nasoma famasia, mwaka wa nne, na kila ninapokaa na wenzangu hosteli naona jambo moja linajirudia. Dawa imenunuliwa sahihi, kipimo ni sahihi, lakini namna ya kuimeza inaiharibu dawa hiyo au inamdhuru mwenye kuimeza. Kisha mtu analalamika kwamba dawa za siku hizi hazifanyi kazi.

Somo letu leo ni dogo na linaonekana la kitoto: tunamezaje vidonge? Naomba tulisome kwa utulivu, kwa sababu mwili huu ni amana, na kuutibu vizuri ni katika kuitunza amana hiyo.

1. Kila mtu na namna yake

Katika hosteli moja tu utaziona namna zote. Yupo anayekitupa kidonge mwisho wa ulimi kisha anainua uso juu kama kuku anayekunywa maji. Yupo anayemeza kwa mate tu huku anakimbilia darasani. Yupo anayekificha ndani ya tonge la posho au kipande cha ndizi. Mwingine anatafuna, mwingine anaponda kwa kijiko, mwingine anafungua kapsuli na kumimina unga wake katika juisi. Na yupo anayemeza akiwa kitandani, amelala chali, kwa funda moja la maji.

Wengi wetu hatukufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Tuliona nyumbani tukaiga. Baadhi ya namna hizi hazina ubaya, baadhi zinafaa kwa dawa fulani na hazifai kwa nyingine, na baadhi ni hatari. Tuzichambue.

2. Kinachotokea kooni

Unapomeza, ulimi hukisukuma kidonge nyuma, na kifuniko kidogo kilichopo kooni hufunga njia ya hewa kwa muda mfupi. Kidonge huingia katika umio, yaani mrija unaoshuka hadi tumboni, wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima. Misuli ya mrija huo hukisukuma hatua kwa hatua. Maji ndiyo yanayolainisha njia. Bila maji ya kutosha, kidonge kinaweza kugandama ukutani mwa mrija kabla ya kufika tumboni.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walitangaza matokeo ya jaribio la namna mbili za kumeza. Siri yake ni jambo ambalo kila mmoja anaweza kulijaribu katika glasi: tembe nzito huzama katika maji, lakini kapsuli huelea. Kwa hiyo haviwezi kumezwa kwa namna moja.

Kwa tembe: chukua chupa laini ya plastiki iliyojaa maji. Weka tembe juu ya ulimi, funga midomo vizuri kuzunguka mdomo wa chupa, kisha vuta maji kwa kunyonya na umeze papo hapo bila kuachia hewa iingie. Chupa itabonyea, na mvuto wa maji utakichukua kidonge. Namna hii ilirahisisha umezaji kwa karibu asilimia 60.

Kwa kapsuli: iweke juu ya ulimi, piga funda la maji la kadiri lakini usimeze kwanza. Inamisha kichwa mbele, kidevu kielekee kifuani, kisha meza ukiwa umeinama hivyo. Kwa kuwa kapsuli inaelea, ukiinama inapanda yenyewe kuelekea kooni. Namna hii ilirahisisha kwa karibu asilimia 89.

Angalia sasa yule ndugu yetu anayeinua uso juu. Akiwa na kapsuli, inaelea kuja mbele, upande wa meno, na maji yanatangulia kooni peke yake. Ndiyo maana anakunywa glasi nzima na kapsuli bado iko mdomoni.

3. Kidonge kinapokwama

Hapa ndipo penye madhara ambayo wanafunzi wengi hawayajui. Zipo dawa ambazo zikigandama katika umio huunguza na kufanya kidonda. Maarufu kati yake ni doksisaiklini, ambayo wengi wetu tumewahi kupewa. Nyingine ni vidonge vya madini ya chuma, vya potasiamu, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Dalili yake ni maumivu makali katikati ya kifua, hasa unapomeza chakula au hata maji. Mtu hudhani ni moyo au vidonda vya tumbo, kumbe ni kidonge alichomeza usiku kwa funda moja akalala hapo hapo.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi. Keti wima au simama, meza kwa glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa muda wa angalau nusu saa. Anayejua adabu za kunywa alizotufundisha Mtume (s.a.w.), kuketi na kunywa kwa utulivu bila kugugumia, ataona kwamba hana jipya la kujifunza hapa isipokuwa kulitekeleza.

Nigusie ujumbe mmoja unaosambazwa katika simu zetu. Ni kweli kwamba mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitumia kielelezo cha tumbo katika kompyuta, wakaona kidonge huyeyuka haraka zaidi mtu akilalia ubavu wa kulia: kama dakika 10, ukilinganisha na dakika 23 akiwa wima na zaidi ya 100 akilalia ubavu wa kushoto. Lakini utafiti huo unahusu kidonge ambacho kimeshafika tumboni. Haukusema umeze ukiwa umelala. Sunna ya kulalia ubavu wa kulia tunaifuata kwa sababu ni sunna. Tusiitumie kumwambia mgonjwa ajitupe kitandani na doksisaiklini kooni.

4. Unameza na nini?

Maji safi ndiyo kanuni. Maziwa yana kalsiamu inayoshikamana na doksisaiklini na siprofloksasini, dawa ikapungua nguvu kabla haijaingia katika damu. Chai na kahawa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Dada anayetibiwa upungufu wa damu na anameza vidonge vyake kwa chai kila asubuhi anajipunguzia tiba yake mwenyewe.

Lakini ipo dawa ambayo kumeza na tumbo tupu ndilo kosa. Nayo ni ile ya malaria tunayoijua wote, mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, yaani Coartem. Lumefantrini inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Ikimezwa na chakula chenye mafuta mengi, inayoingia katika damu huweza kufika mara 16 ya ile inayoingia mtu akiwa na njaa. Mwanafunzi mwenye malaria hana hamu ya kula, anameza vidonge vinne kwa maji matupu siku tatu, na baada ya majuma machache homa inarudi. Anasema alikuwa na malaria sugu. Huenda alikosa glasi ya maziwa tu. Kwa dawa hii, maziwa yanafaa, karanga zinafaa, na hata roleksi yetu ya pale barabarani, chapati na mayai, inafaa sana.

5. Kuponda, kutafuna na kufungua

Vidonge havikutengenezwa sawa. Vingine vimepakwa ganda ili visiyeyuke tumboni bali vikayeyuke katika utumbo. Vingine vimeundwa viachie dawa kidogo kidogo kwa saa 12 au 24. Mara nyingi utaona herufi kama SR au XR, au neno Retard, mwishoni mwa jina. Ukikiponda kidonge cha namna hiyo, dawa ya siku nzima inaingia kwa mara moja. Kwa dawa ya presha, hilo linaweza kumwangusha mtu.

Omeprazoli ya tumbo iko katika punje ndogo ndani ya kapsuli. Punje hizo zikitafunwa, asidi ya tumbo inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi.

Kwa upande mwingine, ipo dawa ya minyoo kama albendazoli ambayo inaruhusiwa kutafunwa. Zipo tembe zilizotengenezwa ziyeyushwe katika maji kwa ajili ya watoto. Na zipo za kuweka chini ya ulimi kwa mwenye maumivu ya moyo, ambazo hazimezwi kabisa, kwa sababu zikipitia tumboni ini huharibu sehemu kubwa ya dawa. Kwa hiyo kabla ya kuponda au kutafuna, uliza.

Baadhi yetu hufungua kapsuli kwa sababu nyingine: hofu ya gelatini iliyotokana na nguruwe. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa gelatini hutoka katika ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe na nguruwe wakiwemo. Wanazuoni wamelijadili suala hili na wametofautiana juu ya kitu kilichobadilika asili yake. Lakini njia ya salama si kumimina unga. Mwambie mfamasia wazi wazi kwamba unataka tembe, au kapsuli ya gelatini ya ng'ombe, au ya mimea. Mara nyingi ipo.

6. Katika mwezi wa Ramadhani

Kumeza kidonge mchana wa Ramadhani kunafunguza, hata kama ni kwa mate tu. Tembe ya chini ya ulimi kwa mgonjwa wa moyo ni suala tofauti: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba haifunguzi ikiwa mtu atajiepusha kumeza kinachofika kooni.

Kwetu huku karibu na ikweta, kati ya magharibi na alfajiri ni kama saa kumi na nusu. Dawa ya mara moja kwa siku haina shida. Ya mara mbili huweza kupangwa futari na daku, kwa ushauri wa daktari. Lakini ya mara tatu au nne haiwezi kubanwa usiku. Na Coartem ina ratiba yake: dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Aliyeanza saa moja jioni ameze ya pili saa tisa usiku, na dozi za asubuhi zitamkuta mchana. Mgonjwa huyu amepewa ruhusa katika Suratul Baqara kula na kulipa siku nyingine. Kukataa ruhusa hiyo huku unatetemeka kwa homa, kisha ukamaliza nusu dozi, si uchamungu.

7. Wasioweza kumeza

Mwisho niseme juu ya aibu. Namfahamu mwenzetu aliyepewa kapsuli za antibiotiki za siku saba, akawa anazitupa chooni moja moja kwa sababu zilimkwama kooni tangu utotoni na aliona haya kusema. Alirudi hospitali akiwa na hali mbaya zaidi. Alipofundishwa kuinamisha kichwa, alimeza siku ile ile.

Wapo wengi kama yeye, na wengine wanatumia dawa za maisha ambazo kukosa dozi ni hatari. Tusiwacheke. Akikwambia "siwezi kumeza", mpe chupa ya maji na umwonyeshe. Akishindwa, mwende naye kwa mfamasia. Huenda ipo dawa ya maji au tembe ndogo. Na ikiwa hata chakula kinamkwama, hilo si la vidonge tena, amwone daktari.

Tukumbuke haya:
- Keti wima, glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa.
- Tembe kwa chupa, kapsuli kwa kuinama.
- Usiponde, usitafune, usifungue mpaka uulize.
- Uliza dawa yako inataka chakula au tumbo tupu.
- Ratiba ya Ramadhani ipangwe na daktari.

Namwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.